GARI LA USHIRIKA: TUNUNUE LIPI, NA TULITUNZEJE?

(Mazungumzo ya Kamati ya Usafiri mbele ya wanachama, ghalani. Yameandikwa hapa ukutani kwa faida ya wale ambao hawakufika. Karatasi ni nne, anza kusoma mkono wa kushoto.)



Tumeitwa kueleza jambo moja tu, nalo ni gari. Jumamosi ijayo mtapiga kura juu ya fedha ambazo chama kimezikusanya kwa misimu mitatu, na hatupendi mtu aje aseme baadaye kwamba hakuelezwa.

Lakini kabla ya gari jipya hatuna budi kusema habari za lile la zamani, lile lililowekwa juu ya mawe nyuma ya ghala na kuku wanatagia ndani yake. Maneno mengi yamepita hapa kijijini. Wengine wamesema lina mkono wa mtu. Wengine wamesema tuliuziwa likiwa bovu. Wengine bado wanamsema dereva. Sisi kamati tumekaa, tumelisoma daftari, tumemwita fundi akaifungua injini mbele yetu. Ukweli ni kwamba gari lile tuliliua wenyewe, na kamati hii ndiyo ilikuwa mbele.

Tueleze vizuri. Ndani ya injini ya dizeli ya gari lile, ambalo ni Toyota Hilux yenye injini ya 3L, kuna mkanda wa mpira wenye meno. Mafundi wanauita mkanda wa taimingi. Kazi yake ni kuunganisha kranki ya chini na vyuma vya juu vinavyofungua na kufunga valvu, ili pistoni ikipanda, valvu iwe imekwisha toka njiani. Mkanda ukikatika, pistoni inapanda na kukuta valvu bado ziko chini. Vinagongana. Hapo huna injini tena, una chuma chakavu. Mkanda huu hauonekani kwa nje, haupigi kelele, wala hautoi moshi wa kukuonya. Unabadilishwa kwa hesabu ya kilomita, na kwa injini za namna hii haifai kungoja ipite 100,000.

Sasa, gari tulilinunua likiwa limetumika. Hakuna aliyejua mkanda ule ulibadilishwa lini. Siku ya kwanza kabisa fundi alituambia, jamani, kwanza badilisheni mkanda. Sisi tukamjibu kwamba msimu umeanza, tutabadilisha baada ya mauzo. Maneno hayo yameandikwa kwenye daftari kwa mkono wa katibu wetu. Mauzo yalipokwisha, tukasema tungoje msimu mwingine.

Masika ya mwaka 2023, gari likiwa limepita Soni linateremka kwenda Mombo na mzigo wa wanachama 11, injini ikazimika ghafla. Mnajua wenyewe yaliyofuata. Siku mbili barabarani na mvua juu. Kabichi zilistahimili kidogo. Nyanya zilianza kutoa maji siku ya pili asubuhi, na mnunuzi wa Mombo akakataa hata kuziangalia. Kuna mama mmoja ambaye mzigo ule ulikuwa ada ya mtoto wake ya muhula mzima. Hatumtaji jina, lakini yupo hapa amekaa, na mtoto yule mnamwona anachunga mbuzi. Mkanda ule na kazi ya fundi visingefika hata nusu ya thamani ya mzigo uliooza siku ile. Tunaomba radhi mbele yenu, na radhi hiyo imeingizwa kwenye kumbukumbu za mkutano.

Basi, tuje kwenye gari la kununua.

Mtu akitaka gari huanza kwa kuangalia sura ya gari. Sisi safari hii tumeanza na mzigo na barabara. Tumechukua daftari la mauzo, tukahesabu magunia yaliyoshuka kila wiki. Wiki nyingi za mwaka mzigo wetu ni magunia 15 hadi 20 kwa wiki, nao unakwenda kwa safari mbili. Wiki za kilele, mzigo unazidi hapo, na wakati huo hata tukiwa na pikapu tano hazitoshi, itatubidi kukodi lori kama zamani. Kwa hiyo hatununui gari la kubeba mzigo wa kilele. Tunanunua gari la wiki za kawaida.

Njia yetu mnaijua. Kutoka hapa hadi Lushoto ni udongo, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ni lami ya kona tupu, inashuka karibu mita 1,000 kwa umbali wa kilomita 30 na kitu. Kwenda na kurudi, kwa hesabu yetu, ni kama kilomita 90. Yaani gari letu linashuka likiwa limejaa na kupanda likiwa tupu. Jambo hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Anayepanda na mzigo anahitaji injini yenye nguvu. Sisi tunaoshuka nao tunahitaji breki, tairi na dereva mwenye akili tulivu.

Pikapu ya kawaida kama Hilux hubeba kama tani moja, na katika tani hiyo wamo utingo na ndoo ya maji. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kwa hiyo pikapu ni magunia tisa, na kumi ndiyo mwisho. Je, sisi tulikuwa tukipakia mangapi? Tulikuwa tukipakia 14, tena ya lumbesa! Tulipima gunia moja kwenye mizani ya hapa ghalani, likasoma kilo 138. Piga hesabu mwenyewe: ni karibu kilo 1,930 juu ya gari la tani moja. Hapa hatumlaumu dereva. Kila mmoja wetu alikuwa akimbembeleza, "baba, nibebee na langu hili moja tu." Huyo mmoja tu ndiye aliyetuvunjia springi mara tatu.

Na springi zilipovunjika tukafanya kosa lingine, ambalo karibu kila mwenye pikapu huku milimani analifanya. Tuliongeza majani ya springi nyuma. Gari likainuka, tukafurahi, tukaona sasa ni lori. Kumbe chini ya Hilux nyingi, karibu na difu, kuna kijiti cha chuma kilichoungana na valvu ya breki za nyuma. Gari likipakiwa, mgongo unashuka, kijiti kinaisukuma valvu, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, nguvu inapunguzwa ili magurudumu ya nyuma yasikwame na kuteleza. Ukiongeza majani ya springi, mgongo haushuki tena. Valvu inadhani gari ni tupu hata ukilipakia magunia 14. Breki za nyuma zinafanya kazi nusu, za mbele zinabeba kila kitu, na sisi tunateremka Mombo. Ndiyo sababu siku ile pedali ilizama, na utingo wetu aliyeruka chini kuweka jiwe akavunjika mguu. Tulisema wakati ule kwamba ni bahati mbaya. Fundi akiongeza majani ya springi lazima na kijiti kile kirekebishwe. Na bora zaidi ni kutoongeza, bali kupunguza magunia.

Sasa hoja ya kabini. Tunajua wapo wanaotaka ile ya milango minne. Mwenyekiti wetu mwenyewe ametoa hoja hiyo, na ni haki yake. Anasema viongozi wakienda mkutanoni Tanga wakae vizuri, na mgonjwa akipatikana usiku alazwe kwenye kiti. Hoja ya mgonjwa ni nzito, hatuibezi. Lakini bodi ya pikapu ya kabini moja ina urefu wa kama mita 2.3, na ya milango minne ni kama mita 1.5. Magunia yanayolala chini kwenye bodi ndefu, kwenye bodi fupi yatapanda juu ya mengine, na mzigo ukipanda juu gari linayumba konani. Kiti cha nyuma tutakinunua kwa fedha nyingi, kisha tutakikalia mara chache kwa mwezi, huku magunia yakiachwa hapa yakisubiri safari ya tatu. Kwa mkutano wa Tanga basi lipo. Kwa mgonjwa, kabini moja inachukua mgonjwa na mtu wa kumshika. Maoni ya kamati ni kabini moja, na mwenyekiti amekubali tuyaseme hivi mbele yake.

Juu ya aina, wazee bado wanaisimulia Peugeot 404 pikapu, ile ya gia za kwenye usukani, na Land Rover ya bodi ndefu iliyokuwa ikipanda huku wakati barabara ni mawe matupu. Yalikuwa magari ya kweli. Fundi alikuwa akifungua kabureta kwa bisibisi moja, akapuliza, safari ikaendelea. Lakini leo spea zake utazitafuta mpaka uchoke. Toyota Land Cruiser pikapu ni ngumu kuliko zote tulizozitazama, mgongo wake hauchoki upesi, ila bei yake ni ya mashirika na injini yake ya lita 4.2 inakunywa. Isuzu ni gari zuri la mzigo, na kwa mwenye fundi wake wa Isuzu hatuna neno. Sisi fundi wetu anaijua Hilux kwa kufumba macho, na Lushoto, Korogwe na Tanga spea zake zinapatikana. Hilo ndilo limetuamulia. Gari zuri ambalo spea yake inangojwa mwezi mzima ni banda la kuku, na banda la kuku tunalo tayari.

Katika Hilux zenyewe kuna kuchagua. Dizeli za kizamani, kama 2L, 3L na 5L yenye pampu ya kawaida, hazina mwendo, mlima wanakupita wote, lakini zinavumilia na fundi wa kijijini anaziweza. Hizi zina mkanda, tumekwisha sema. Dizeli mpya za D-4D zina nguvu na hazili sana, ila nozeli zake zinafanya kazi kwa mgandamizo mkubwa mno, na dizeli chafu au yenye maji inaziua. Nozeli hizo ni ghali, tena hutaka mashine ya kupimia ambayo huku hatuna. Sisi ambao mara nyingine tunanunua dizeli ya kwenye madumu, jamani, tusijidanganye. Zile zilizotoka kuanzia mwaka 2015 zenye injini za GD zina mnyororo badala ya mkanda, lakini bei yake iko juu ya uwezo wetu. Petroli yenye injini ya 22R au 2TR nayo ina mnyororo, ni rahisi kuitengeneza, ila kwa mzigo inakula zaidi. Tunapendekeza 5L ya pampu ya kawaida, kabini moja, yenye kuvuta magurudumu manne kwa ajili ya ule udongo wa kutoka hapa hadi Lushoto. Dereva aelewe kwamba kuvuta kwa manne ni kwa utelezi. Kwenye lami kavu aitoe, maana konani magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa na vyuma vya ndani vinavutana mpaka vinavunjika.

Tukienda kununua, fundi aende nasi, na tufike kabla muuzaji hajaiwasha injini. Injini ya moto inaficha maradhi. Iwashwe ikiwa baridi, tuone inakubali mara moja au inasumbua, na moshi ni wa rangi gani. Afungue kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma: ikipumua kwa nguvu na moshi kama bomba, ndani imechoka. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Namba za kilomita kwenye dashibodi msiziamini sana, zinarudishwa nyuma kama saa. Tazameni mpira wa pedali ya klachi na kiti cha dereva. Gari lililokwenda kilomita 60,000 pedali yake haiwi imelika mpaka chuma. Kisha mtu alale chini atazame chasisi yote, hasa nyuma ya kabini na pale springi zinaposhikia. Penye kuchomelewa, kila mtu arudi nyumbani. Gari la pwani ligongwe kwa bisibisi kutafuta kutu iliyopakwa rangi.

Namba ya chasisi isomwe kwenye chuma, ilinganishwe na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Faini za barabarani zinaangaliwa kwenye mtandao wa polisi kwa namba ya gari, kijana yeyote mwenye simu atatusaidia. Na tukiamua kuagiza kutoka Japani, kodi isomwe kwanza kwenye kikokotoo cha TRA, maana gari likizeeka kodi inapanda, na bei nafuu ya Japani inaweza kugeuka ikifika bandarini.

Gari likifika hapa, kabla ya safari ya kwanza, fedha ziwe zimetengwa kwa mambo haya: mkanda wa taimingi mpya na rola zake, mkanda wa feni, oili zote, yaani ya injini, giaboksi na difu, chujio zote, na mafuta ya breki. Gari likose mzigo wiki ya kwanza, si kitu.

Mafuta ya breki tumeyataja kwa sababu. Yanavuta unyevu hewani hata yakikaa tu. Mtelemkoni breki zikipata joto kali, maji yale yanachemka, na mvuke unasukumika ambapo mafuta hayasukumiki. Pedali inakwenda chini bila kukamata. Yabadilishwe kila miaka miwili. Na dereva ashuke na gia ile ile ambayo angepandia. Tumesikia kwamba baadhi ya madereva wanatoa gia mtelemkoni ili kuokoa dizeli. Dereva wetu akionekana anafanya hivyo, hata mara moja, arudishe funguo.

Oili ya injini ni kila kilomita 5,000, bila kungoja msimu. Chujio ya hewa wakati wa kiangazi ipigwe vumbi kila wiki, kwa kupuliziwa kutoka ndani kwenda nje. Chujio ya dizeli ina kibomba cha chini cha kutolea maji, kifunguliwe kila Jumamosi mpaka dizeli safi itoke. Grisi kila mwezi, na wakati wa matope kila wiki mbili. Asubuhi kabla ya kuondoka, rejeta, oili, mafuta ya breki, tairi na taa, dakika kumi tu. Rejeta isifunguliwe ikiwa moto. Kijana wetu mmoja anayo alama ya kosa hilo mkononi.

Tairi tulikuwa tukinunua za mtumba zenye kashata nzuri, tukadhani ni mpya. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Ikiwa zimeandikwa 2314, ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi hiyo imezeeka hata kama haijatembea, mpira umekauka, na ikibeba mzigo juani itapasuka. Zinunuliwe tairi za mzigo, si za gari dogo, na upepo ujazwe kwa kipimo kilichobandikwa mlangoni, si kwa kupiga teke.

Mwisho ni fedha. Kila safari inakula gari, hata kama siku hiyo hakuna kilichovunjika. Tuchukue mfano wa tairi: kama tairi nne ni shilingi 1,200,000 na zinakwenda kilomita 30,000, kila kilomita imekula shilingi 40. Safari ya Mombo kwenda na kurudi imekula 3,600 za tairi peke yake. Ongezeni oili, mkanda, breki na bima. Tunapendekeza nauli ya gunia ipande, na kiasi hicho kilichopanda kiingie katika akaunti yake, isiyoguswa kwa posho, wala kwa harambee, wala kwa msiba. Tunajua neno la msiba linauma. Lakini fedha ya mkanda iliwahi kutengwa mwaka 2022, tukaikopa kwa shughuli nyingine ya heri, haikurudi.

Dereva ataandika katika daftari kilomita za kuondoka na kurudi, magunia, lita na kila alichosikia kikilia. Matangi yajazwe mpaka juu kila tukinunua dizeli, ndipo tutajua gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Likikwenda 10 mwezi huu na 7 mwezi ujao, aidha kuna ugonjwa kwenye injini au kuna dumu linalotoka usiku. Mpakiaji hatakuwa dereva wala mwenye mzigo. Atakuwa mtunza ghala, na atapima kila gunia.

Kura ni Jumamosi saa tatu asubuhi, hapa hapa ghalani. Kutakuwa na maswali mawili: kabini moja au milango minne, na nauli mpya ya gunia. Fundi atakuwepo kujibu. Daftari la gari la zamani limefungwa kwa kamba kwenye meza ya mtunza ghala, na ukurasa wa mkanda umekunjwa kona. Anayetaka kuhakikisha tuliyosema, akalisome.

Kamati ya Usafiri